Drafti ya NFL: kwa nini ulipatia 3 tu kati ya 32

Drafti ni pale timu za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, zinapochagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni. Kuna msomaji yupo Columbus, Ohio, anapiga kazi weahausi, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Kaka shikamoo. Kazini tuna mchezo, kila mtu anachanga dola 20, tunaandika nani atachaguliwa na timu gani raundi ya kwanza ya drafti ya NFL. Mswahili ni mimi peke yangu. Nimeanza kufuatilia huu mpira wa Kimarekani miaka mitatu tu lakini nafuatilia kwelikweli, msimu mzima wa vyuo nilikuwa naandika takwimu kwenye daftari. Drafti ya 2025 nimepatia watatu tu kati ya 32: Cam Ward, Abdul Carter na Ashton Jeanty. Shedeur Sanders nilimweka namba 9, Kyle McCord namba 26, Cam Skattebo namba 30. Aliyeshinda hata mechi za vyuo haangalii. Nakosea wapi, na je kuna namna ya kufanya kihesabu?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na huyo McCord maana hapo ndo ugonjwa wote ulipo. McCord aliongoza nchi nzima kwa yadi za kurusha msimu wa 2024, yadi 4,779 akiwa na Syracuse, kampita hata Cam Ward ambaye ndo alikuja kuchukuliwa namba 1. Na wewe upo Columbus, ulishamjua tangu anacheza Ohio State, ukaona kijana katoka kwenu kaenda ugenini kawa mfalme, daftari linasema yeye ndo wa kwanza, ukamweka namba 26. Philadelphia wakamchukua namba 181, raundi ya sita. Skattebo naye alikimbia yadi zaidi ya 1,700 msimu huo huo, akaenda namba 105 kwa Giants. Daftari lako halikukosea hata tarakimu moja, tatizo lilikuwa linajibu swali lingine kabisa.

Hapa kuna maswali matatu na watu wanayachanganya kila mwaka. La kwanza, nani kacheza vizuri chuoni. La pili, nani atakuja kuwa mzuri NFL. La tatu, timu zitamchagua nani Alhamisi usiku, usiku wa raundi ya kwanza. Mchezo wenu wa kazini unauliza la tatu tu. Tom Brady alichaguliwa namba 199 mwaka 2000, makwotabeki (wale wanaorusha mpira) sita walitangulia mbele yake. Brock Purdy mwaka 2022 alikuwa wa mwisho kabisa, namba 262 kati ya 262, na msimu wake wa pili tu kaifikisha San Francisco fainali. Sasa fikiria mtu mwaka 2000 angeandika Brady namba 1, kuhusu mpira angekuwa sahihi kuliko binadamu wote na dola 20 zake angepoteza vilevile. Ndo maana huyo mshindi wenu asiyeangalia mechi kakushinda, hana mapenzi na mchezaji yeyote, kasoma tu wanaochagua wanataka nini.

Mimi hesabu hizi nazifanya tangu 2008, kabla ya hapo nilikaa misimu miwili nikikata video za mechi kwa timu moja ya chuo, na mwanzoni nilikuwa kama wewe kabisa, naona mtu anacheza namwandika juu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ninachotabiri ni tabia za watu walio ofisini: meneja mkuu anayeogopa kufukuzwa, mmiliki anayetaka jina kubwa la kuuza tiketi, daktari wa timu aliyeona kitu kwenye picha ya goti. Hao ndo wachezaji wa mchezo huu.

Kwa wengine mnaosoma ambao mmezoea usajili wa Simba na Yanga, niweke sawa kwanza. Huku mwenye hela nyingi hanunui kijana. Timu ziko 32, zinachagua kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inaanza na bingwa anamalizia, raundi saba kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi mwishoni mwa Aprili. Zamu yenyewe inaweza kuuzwa au kubadilishwa na timu nyingine. Mchezaji lazima miaka mitatu iwe imepita tangu amalize sekondari. Mwaka 2025 pale Green Bay walichaguliwa watu 257. Drafti ya kwanza ilikuwa 1936 na mtu wa kwanza kuchaguliwa katika historia, Jay Berwanger, hakucheza NFL hata mechi moja. Tangu siku ya kwanza kuchaguliwa na kucheza vilikuwa vitu viwili.

Sasa hela, maana ukielewa hela umeelewa nusu ya kazi. Zamani namba 1 alikuwa anajadiliana mshahara anavyotaka, Sam Bradford mwaka 2010 alihakikishiwa dola milioni 50 kabla hajarusha mpira mmoja. Mwaka uliofuata wakaja na mkataba mpya wa ligi na wachezaji, mshahara ukafungwa kulingana na namba uliyochaguliwa, Cam Newton naye namba 1 akapata kama milioni 22 kwa miaka minne. Ile namba ndo inayolipwa, nafasi unayocheza uwanjani haihusiki. Caleb Williams 2024 namba 1 alipata kama milioni 39 na nusu kwa miaka minne, yaani kama 10 kwa mwaka, na mwaka huohuo Dak Prescott kasaini milioni 60 kwa mwaka. Umeona pengo hilo? Timu ikipata kwotabeki mzuri kwenye drafti inaokoa milioni 50 kila mwaka na inazipeleka kununua wengine. Sasa chukua mkimbiaji kama Jeanty, namba 6, karibu milioni 36 kwa miaka minne, hiyo ni 9 kwa mwaka, na mkimbiaji bora kabisa wa ligi unampata kwa kama 20. Unaokoa kidogo tu. Ndo maana 2022 na 2024 hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyechukuliwa raundi ya kwanza, siyo kwamba vipaji havikuwepo.

Kwa hiyo kabla hujamwangalia mtu angalia nafasi yake. Kwotabeki anapandishwa juu ya ubora wake, anafuata anayemkimbiza kwotabeki, walinzi wa pembeni kwenye mstari wa mbele, wadakaji, na mabeki wa pembeni wanaowakaba wadakaji. Wakimbiaji, walinzi wa katikati ya mstari, mabeki wa nyuma kabisa, hao wanashushwa. Mwaka 2024 wachezaji 14 wa mwanzo wote walikuwa wa kushambulia, halijawahi kutokea kabla, na makwotabeki sita waliondoka ndani ya namba 12. Jeanty alikuwa na yadi 2,601 za kukimbia, zimebaki 27 tu aifikie rekodi ya vyuo ya msimu mmoja ya Barry Sanders, na bado kapata namba 6, tena watu wengi waliona ni juu sana kwa mkimbiaji. Hapo ulipatia kwa sababu Raiders waliomchukua hawakuwa na mtu kabisa eneo hilo na kila mtu alishaona. Skattebo ulikosea kwa sababu ileile uliyopatia Jeanty, ulitazama yadi, wakati yule mmoja alikuwa nje ya kawaida kiasi kwamba timu zilikubali kuvunja utaratibu wao na huyu mwingine hapana.

Baada ya nafasi kinakuja mwili. Kila mwaka mwishoni mwa Februari wanaitwa kama vijana 320 Indianapolis kwenye kombaini, wanapimwa urefu, uzito, mikono, wanakimbia yadi 40, wanaruka, wanahojiwa, wanapigwa picha za mifupa. Hesabu rahisi tu: 320 wameitwa, nafasi ni 257, na bado wapo wachache wasioitwa ambao wanachaguliwa. Kuitwa ni dalili kubwa lakini siyo tiketi.

Mwili una nguvu kuliko takwimu za chuo na hili linawauma sana watu wanaopenda mechi. Ezekiel Ansah alitoka Ghana, akaja chuo cha BYU akitaka mpira wa kikapu, akajaribu riadha, futiboli ya Kimarekani kaanza 2010 akiwa hajui hata kuvaa zile pedi, msimu wake wa mwisho aliwaangusha makwotabeki mara nne na nusu tu (nusu inahesabiwa wakishirikiana wawili) na Detroit wakamchukua namba 5 mwaka 2013. Kwenye drafti ya 2022, Aidan Hutchinson alikuwa na mara 14 katika msimu mmoja pale Michigan. Travon Walker wa Georgia alikuwa na 9 na nusu katika misimu yote mitatu ya chuo ukijumlisha. Jacksonville wakamchukua Walker namba 1, Hutchinson akaenda 2. Walker alikuwa na kilo zaidi ya 120 na anakimbia kama mdakaji. Mtu wa takwimu asingeona hilo, mtu anayejua timu zinachopenda aliliona wiki mbili kabla, maana odi za kubeti zilishaanza kuhama.

Mdogo wangu hapa sisi Waafrika Mashariki tunapata mfano wa karibu. Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa anacheza raga, Colts walimsaini 2013 bila kupita drafti kabisa, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Walimchukua kwa sababu ya mwili na mbio, futiboli hakuwahi kucheza. Na Jordan Mailata alitoka raga Australia, Eagles wakampa namba 233 raundi ya saba mwaka 2018, leo ni mlinzi wa kushoto wa timu iliyobeba ubingwa. Timu zinaamini ufundi unafundishika, urefu haufundishiki.

Lakini usizidishe, maana mbio za yadi 40 zina watu wamewatia wazimu. Xavier Worthy alivunja rekodi 2024 kwa sekunde 4.21 na aliondoka namba 28, siyo namba 8. Mbio zinampandisha mtu ambaye tayari yupo kwenye mazungumzo, hazimtoi mtu kuzimu. Na vipimo vingine ni kelele tu, mwaka 2025 watu walibishana mwezi mzima kuhusu mikono ya Will Campbell kuwa chini ya inchi 33, Patriots wakamchukua namba 4 kama ilivyotarajiwa.

Kitu ambacho mimi na wewe hatukioni ni faili la daktari. Laiatu Latu aliambiwa na madaktari wa chuo chake cha kwanza aache mpira kwa sababu ya shingo, akahamia UCLA wakamruhusu, akaja kuwa mchezaji wa kwanza wa ulinzi kuchaguliwa 2024, namba 15. Angekuwa na shingo safi huenda ile rekodi ya washambuliaji 14 isingekuwepo. Jaylon Smith 2016 aliumia goti mechi ya mwisho ya chuo, mtu wa tano bora akashuka mpaka 34. Ukiona mtu mwenye jeraha kubwa, usimwondoe, mpanulie tu wigo, sema anaweza kwenda popote kati ya 12 na 45. Josh Simmons wa hapo kwenu Ohio State aliumia goti Oktoba na Kansas City wakamchukua namba 32.

Sasa hesabu yenyewe uliyouliza. Kabla ya kompyuta, kitu kimoja kitakupandisha kuliko vyote: kusanya orodha za watu wengi wanaobashiri, chukua wastani. Basi. Wastani wa orodha 50 unamshinda karibu kila mmoja wa hao 50, kwa sababu makosa yao yanaenda pande tofauti yanafutana, halafu ndani ya orodha hizo kuna habari ambazo huwezi kuzipata mwenyewe, huyu kaongea na wakala, yule kaongea na skauti. Angalia tarehe tu. Orodha ya Januari ni burudani, ya mwisho wa Machi ina maana kiasi, ya siku tatu za mwisho ndo dhahabu. Mimi ya wiki ya mwisho naipa uzito mara tatu ya ile ya mwezi kabla.

Ukitaka kwenda mbele zaidi tengeneza jedwali. Kila mstari mchezaji mmoja, safu zake: nafasi, urefu, uzito, sekunde za yadi 40, umri, ligi ya chuo chake, aliitwa kombaini au hapana, wastani wake kwenye orodha. Weka angalau drafti kumi zilizopita. Matokeo unayotabiri yawe namba aliyochaguliwa au ndiyo/hapana ya raundi ya kwanza, USIWEKE jinsi alivyokuja kucheza NFL, hilo ni lile swali la pili. Kosa naloliona sana kwa vijana wa data ni kuweka waliochaguliwa tu, wanasahau mamia ambao hawakuchaguliwa, kompyuta inajifunza kwamba kila mtu anachaguliwa na inakuwa na matumaini kupita kiasi. Na ukijaribu mfumo wako, uufiche mwaka mmoja mzima, ujifunze kwa mingine, halafu uuulize huo ulioficha. Ukiujaribu kwa data ileile iliyojifunzia utafurahi sana mpaka Aprili.

Majibu yake yawe asilimia. "Huyu ana asilimia 70 ya raundi ya kwanza." Mwisho wa mwaka hesabu wote uliowapa 70, je, kama saba kati ya kumi walienda? Kama walienda wanne wewe unajiamini kupita kiasi, kama walienda wote kumi unaogopa. Hilo zoezi limenifundisha mimi kuliko mechi yoyote niliyowahi kuangalia.

Ligi ya chuo nimeitaja, usiipuuze. Mwaka 2025 vyuo vya SEC (ligi kubwa ya vyuo vya kusini) peke yake vilitoa wachezaji 79 kati ya 257, rekodi. Georgia 2022 ilitoa 15. Wawili wenye namba sawa, mmoja Georgia mwingine chuo kidogo, yule wa Georgia anatangulia, maana maskauti wamemwona akipambana na watu wa saizi yake kila Jumamosi.

Haya, timu. Hapa ndo wastani unaanza kushindwa na wewe unaweza kuongeza kitu chako. Kila ofisi ina tabia. Raiders enzi za mmiliki wao Al Davis walipenda mbio kuliko kitu chochote, mwaka 2009 Darrius Heyward-Bey alikimbia 4.30 wakamchukua namba 7 mbele ya Michael Crabtree ambaye dunia nzima ilimwona bora, aliyekuwa anamjua Al Davis alipatia. Green Bay walikaa kuanzia 2002 bila kuchukua mdakaji raundi ya kwanza, miaka zaidi ya ishirini, wenyeji wanalalamika kila Aprili, ukiwapa mdakaji unakosea kila mwaka. Halafu 2025, drafti iko nyumbani kwao, wakamchukua Matthew Golden namba 23, uwanja mzima ukalipuka. Tabia ni ya ofisi, watu wa ofisi wakibadilika au hali ikibana sana tabia inakatika. Kwa hiyo angalia meneja mkuu yupo tangu lini, aliyekuwepo miaka kumi ana historia ya kusoma, aliyeajiriwa Januari tafuta alifanya kazi wapi kabla na bosi wake alichagua vipi.

Na usidanganyike na "mahitaji ya timu". Kila mtu anaandika timu fulani haina mlinzi kwa hiyo itachukua mlinzi. Timu zinajaza mashimo Machi kwa kununua wachezaji wakubwa, drafti wanaangalia miaka miwili mbele. Atlanta Machi 2024 walimpa Kirk Cousins mkataba wa milioni 180, milioni 100 zimehakikishwa, mwezi uliofuata wakachukua kwotabeki mwingine, Michael Penix, namba 8. Nakumbuka nilikuwa nimesimama sebuleni, nikakaa chini. Tampa Bay 2025 walikuwa na Mike Evans, wametoka kumwongezea mkataba Chris Godwin, wakachukua mdakaji Emeka Egbuka namba 19. Wewe wa Columbus Egbuka ulimwonaje? Umri wa wadakaji wale wawili ulikuwa unasema kila kitu, tulikuwa tunahesabu majina tu.

Sasa Shedeur, maana najua ndo anayekuuma. Uliandika namba 9 New Orleans, akaenda 144 kwa Cleveland, raundi ya tano, baada ya makwotabeki watano wengine, na mmoja wao, Dillon Gabriel, alichukuliwa na haohao Cleveland raundi ya tatu. Wengi walipotea pamoja na wewe. Lakini kuna kitu cha kujifunza hapa ambacho kinarudi kila miaka michache na watu hawakishiki: kwotabeki hashuki ngazi kwa ngazi kama wengine, akikosa ngazi anaanguka. Mdakaji asipochukuliwa na timu ya 15 kuna ya 16, ya 17, ya 18, zote zina kazi ya mdakaji wa tatu au wa nne, atashuka nafasi tano sita basi. Kwotabeki anacheza mmoja tu. Timu zinazomtafuta labda ni tano, zikipita zote, waliobaki tayari wana mtu wao, na kumweka benchi kijana mwenye jina kubwa na kamera kumi nyuma yake makocha wengi wanaona ni mzigo. Aaron Rodgers 2005 alikuwa anatajwa kwa namba 1, San Francisco wakamchukua Alex Smith, Rodgers akakaa mpaka 24. Malik Willis 2022 kila mtu alimwona raundi ya kwanza, nami nilimweka, kaenda 86. Will Levis 2023, 33.

Kwa hiyo kwotabeki wa pili au wa tatu wa mwaka usimpe namba moja ya katikati. Namba 9 kwa Shedeur ilikuwa kama kusema mvua itanyesha nusu. Mgawie sehemu mbili: asilimia kadhaa anaenda tatu bora, asilimia kadhaa anatoka kabisa raundi ya kwanza, katikati pabaki karibu patupu. Dalili zilikuwepo. Wiki za mwisho hakuna timu ya juu iliyokuwa inasikika kumng'ang'ania kama Titans walivyokuwa kwa Ward. Mtu anayetajwa na timu nyingi "labda" ni hatari kuliko anayetajwa na timu moja "hakika".

Levis nirudi kwake kidogo, kwa ajili ya tetesi. Siku chache kabla ya drafti ya 2023 mtu asiyejulikana aliandika mtandaoni kwamba Levis anawaambia watu wake atakwenda Carolina namba 1. Odi zikaporomoka, watu wakaweka hela zao, mikeka ikachanika kwa maelfu, kijana wa watu kakaa pale ukumbini raundi nzima bila kuitwa. Aprili ni mwezi wa uongo wa makusudi. Timu inayotaka mdakaji inavujisha kwamba inapenda kwotabeki ili mwingine apaniki anunue zamu yake. Wakala anavujisha ili mteja wake apande. Ukisikia habari uliza nani anafaidika nayo, na kama anayefaidika ndiye aliyeisema, iache. Habari ninazoziamini ni zile zenye gharama: timu ina nafasi 30 tu za kuwaalika vijana makao makuu, ikitumia moja kwa mtu fulani ni dalili, kocha mkuu na mmiliki wakipanda ndege kwenda kumwona mtu mmoja chuoni kwake ni dalili kubwa zaidi.

Na yapo ambayo hakuna hesabu itayaona. Laremy Tunsil 2016, dakika chache kabla ya drafti kuanza, video yake akivuta bangi kupitia barakoa ya gesi ikatokea kwenye akaunti yake mwenyewe, akashuka mpaka 13. Hilo likitokea unaandika hasara unaendelea.

Usijione mjinga pia kwamba wenye ofisi wanajua kipaji kuliko wewe. Wanauchumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, walichimba drafti za miaka mingi wakakuta ukichukua wawili wa nafasi moja waliochaguliwa wakifuatana, yule wa kwanza anakuja kuwa bora kuliko wa pili kidogo tu zaidi ya nusu ya mara. Karibu na kurusha sarafu. Jicho lako kwa McCord au Skattebo linaweza kuja kuwa sahihi kabisa baada ya miaka mitatu, mimi Skattebo nampenda vibaya sana. Lakini mchezo wenu unalipwa Alhamisi usiku.

Raundi za mwisho sitazieleza sana, huulizi hizo. Kuanzia ya sita hata timu zenyewe zinapiga simu kwa mawakala kusema tukimwacha mtu wenu aje kwetu bila kuchaguliwa, na kijana mwenyewe wakati mwingine anaombea asichaguliwe namba 250 ili achague timu anayotaka.

Mkakati wa mchezo wenu sasa. Kama mnatoa alama kwa jina tu kuwemo raundi ya kwanza, hapo ndo alama rahisi zilipo, wastani wa orodha utakupa majina ishirini na kitu bila jasho. Kumwunganisha mtu na timu yake ni kugumu, hata wanaolipwa kwa kazi hii wengi hawafikishi kumi. Kwenye kuunganisha, andika mchezaji na timu, usiandike mchezaji na namba kama sheria zenu zinaruhusu, maana zamu zinauzwa usiku uleule. Mwaka 2025 Cleveland walikuwa na namba 2, Jacksonville wakapanda kutoka 5 wakamchukua Travis Hunter, waliokuwa wameandika Hunter Cleveland wote chali, na waliokuwa wameandika Mason Graham Cleveland wakapatia maana Cleveland walishuka kwenye 5 wakamchukua huyo. Na ukikosea mmoja juu usimbebe mtu wake kumpeleka kwa mwingine kichwani kwako mpaka orodha nzima ivurugike, kila jozi iitazame peke yake.

Kitu kimoja cha nyumbani. Ohio State walitoa wachezaji 14 drafti ile, wanne raundi ya kwanza: Egbuka, Simmons, Donovan Jackson na Tyleik Williams. Rudi kwenye karatasi yako uhesabu uliwaandika wangapi kutoka hapo Columbus na kutoka Michigan wangapi. Kama Ohio State wamezidi wastani wa orodha za wengine, punguza, hao wa mtaani kwako unawaona kila siku kwenye TV na jicho linawakuza.

Drafti ijayo ni Aprili tena. Daftari lako endelea nalo, tena ongeza safu mbili pembeni ya takwimu, moja ya vipimo vya kombaini na moja ya wastani wa orodha, uone vinapogombana. Pale vinapogombana ndo pa kukaa na kufikiri, pengine pote fuata wastani. Jumatano usiku kabla ya drafti nitumie orodha yako yote 32 na asilimia zake, hasa kwotabeki wa pili umemwekaje, tuipitie wote kabla hujaikabidhi kwa hao jamaa.